Kabla ya Laini ya Mbuta

Ile ramani ya Nairobi imeanza kuzunguka tena. Safari hii imeletwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha mtaa na jirani ambaye kwa kawaida haleti kitu ila matanga na michango, kwa hivyo nikaifungua kwa heshima. Mistari mitano ya rangi, mabasi ya BRT, yaani ya mwendo wa haraka yenye njia yake yenyewe, na majina ya wanyama: Ndovu wa Limuru hadi Kitengela, Simba wa Rongai hadi Thika na Kenol, kisha Chui, Kifaru na Nyati. Chini yake mtu akaandika, "Na Kisumu lini?" Vidole gumba vikamiminika.

Wanyama wakubwa wote wameshachukuliwa. Sisi wa Kisumu tumebakishiwa kiboko wa Dunga na samaki wetu mbuta. Tayari naiona Laini ya Mbuta, kutoka Mamboleo kuteremka hadi ziwani, na mheshimiwa fulani akikata utepe huku bendi ya shule ikipiga ngoma juani tangu asubuhi.

Mimi siitaki. Sio kwamba sitaki mji wangu uendelee, kwa hivyo msianze. Siitaki kwa sababu hadithi hii nimeshaisikia. Mwaka 2018 walipaka mstari mwekundu Thika Road, wakatuambia hiyo ni njia ya mabasi ya mwendo wa haraka. Rangi ikafifia kabla ya basi kuonekana. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wao angalau mwendokasi wanayo tangu 2016, na nakiri, japo kwa shingo upande, kwamba basi lenye njia yake lenyewe ni raha. Lakini muulize mtu wa Kimara foleni ya asubuhi ikoje. Muulize wa Mbagala, ambako barabara ilikamilika na vituo vikasimama vizuri kabisa, vikangoja mabasi kwa muda mrefu. Kumwaga zege kuna picha na kuna tenda, ndiyo maana kazi hiyo haikosi mtu wa kuifanya.

Twendeni Bus Park saa nne asubuhi, watu wa ofisi wakiwa wameshaingia kazini. Matatu ya abiria kumi na wanne inaita Kibuye, Kondele, Mamboleo. Ukichungulia ndani unaona vichwa vingi, unajipongeza kwa bahati. Unaingia. Kijana aliyekuwa dirishani na begi mapajani anashuka, na begi lenyewe limelegea, halina kitu. Abiria mwingine akiingia, yule mama wa kitambaa chekundu naye anakumbuka kwamba hasafiri. Wameketishwa hapo ili gari lionekane limejaa, wanapewa kitu kidogo kwa kazi hiyo, kisha wanahamia gari la nyuma kuanza upya. Wakishaisha, mnabaki wanne mkitazamana.

Ndipo dereva anawasha injini. Gari linasogea hatua mbili mbele, moyo unatulia, halafu linarudi kinyumenyume pale pale lilipokuwa. Makanga anapiga bati: "Mmoja wa haraka! Mmoja!" Viti vitano viko wazi nyuma yangu, navihesabu. Nikilalamika naambiwa, "Madam, tulia, tunatoka saa hii." Karibu na mlango kuna mama mwenye beseni la samaki anayepeleka Kibuye. Barafu imeanza kuyeyuka, maji yanatiririka chini ya viti, na kila mtu anainua miguu bila kusema neno. Huyo mama anapoteza pesa kila dakika gari linapokaa. Hakuna ramani ya rangi iliyomwonyesha yeye.

Zamani hasira zangu zote ziliishia kwa dereva. Kisha siku moja nikakaa kiti cha mbele kwenye gari la Maseno, tukiwa bado tunangoja watu, nikamuuliza kwa upole kwa nini asiondoke tu. Akanijibu bila kugeuza kichwa: "Madam, mwenye gari hataki hadithi, anataka tageti yake jioni. Nikitoka na watu sita, mafuta nitalipia nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Tageti, yaani kiasi ambacho dereva lazima amletee mwenye gari kila siku, haijui kama leo ni Jumapili au kama mvua imenyesha. Kwanza ni mafuta, kisha ada ya stegi, yaani kituo cha matatu, kisha ya sacco, chama cha wenye magari, kisha ile nyingine ya barabarani isiyo na risiti, kisha ya mwenye gari. Kinachobaki ndicho dereva na makanga wanagawana, na kikikosa kubaki wanarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kutwa nzima. Kwa hivyo kila kiti kitupu kinatoka mfukoni mwao.

Ukishaelewa hilo, mengine yote yanajieleza. Wanangoja kujaza kwa sababu ya tageti. Wakishajaza wanakimbia kama wanaofukuzwa, kwa sababu ya tageti. Mvua ikidondoka mbele ya Kondele nauli inapanda kwa sababu hiyo hiyo. Na gari likibaki na watu watatu, mnaambiwa, "Wa Mamboleo ingieni hili la nyuma," mnahamishwa chini ya fulaiova na mizigo yenu, na la nyuma nalo, bila shaka, linangoja kujaa. Tunawaita wahuni. Wapo wahuni, sikatai. Hata hivyo mpe askofu gari lenye tageti uone kama hatapiga bati kufikia Ijumaa.

Sasa chukua dereva huyo huyo, na mwenye gari huyo huyo, uwape basi la watu sitini, njia yao peke yao na stesheni ya vioo. Watangoja watu sitini.

Hili ndilo linaloniudhi. Dawa yake iliandikwa zamani, tena kwenye sheria. Zile kanuni za matatu za waziri Michuki, zilizoanza kutumika 2004, ambazo wenzangu wa umri wangu wanazikumbuka kwa sababu nchi nzima ilitembea kwa miguu wiki ile, hazikuwa za mikanda na vidhibiti mwendo peke yake. Zilisema pia dereva na kondakta waajiriwe kazi ya kudumu na walipwe mshahara wa mwezi. Mikanda ikafungwa. Mstari wa manjano ukachorwa. Sare zikashonwa, buluu ya dereva na maruni ya makanga. Mshahara je? Baadaye tukaambiwa kila gari liingie kwenye sacco, ndipo mambo yatanyooka. Magari yakaingia kwenye sacco, na tageti ikaingia nayo.

Ninachotaka ni kidogo, na ninajua hakina picha nzuri. Kaunti isinunue basi hata moja. Msinikumbushe Nyayo Bus, yale mabasi ya serikali, najua ilivyoanza 1986 kwa mbwembwe na najua ilivyoishia. Ichukue njia mbili tu, tuseme ya Mamboleo na ya Nyamasaria, iingie mkataba na sacco hizi hizi zilizopo, ilipe gari kwa kilomita linazotembea. Nauli iingie mfuko mmoja, isiingie mfuko wa makanga. Dereva apate mshahara, awe amebeba watu kumi na wanne au watatu. Halafu gari liondoke kila dakika kumi. Likiwa na nafasi, liondoke. Saa nne ya asubuhi itakuwa hasara, saa kumi na mbili ya jioni itairudisha, na pale isiporudi yote kaunti ijazie kutoka ada za maegesho inazotutoza mjini kila siku. Ndio, itakuwa gharama. Barabara nayo ni gharama, na hakuna anayeiuliza faida yake.

Kuna watakaosema watu wa hapa hawana mambo ya saa. Hayo ni matusi tuliyoyazoea mpaka tukaanza kujitukana wenyewe. Mabasi makubwa ya Nairobi ya usiku yanatoka hapa hapa Kisumu kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, viti vya nyuma vikiwa vitupu au vimejaa, na abiria ni sisi hawa hawa tunafika mapema na chai tumeshakunywa. Treni ya Nairobi iliporudi Desemba 2021, sikusikia mtu akidai ingojwe hadi ijae. Mtu huheshimu saa pale saa inapomheshimu.

Mengine nitayapitia haraka. Njia za miguu zilizojengwa katikati ya mji ni nzuri, nazitumia kila siku, na laiti zingevuka mipaka ya katikati ya mji zikafika Nyalenda na Manyatta, wanakoishi wanaotembea. Boda ziko nyingi kwa sababu zinaondoka na mtu mmoja, basi hapo hakuna siri.

Najua pia nani hatapenda. Mwenye gari anaweza kukubali, maana malipo ya kilomita ni pesa ya uhakika kuliko kubishana na dereva kila jioni. Wakuu wa stegi ndio wagumu, wale wanaotoza kila gari linalojaa. Hao wana sauti, wana watu, na kila mwaka wa kura wana marafiki wapya. Kiongozi anayejitia kutaka BRT aanze kwa kuongea nao, tumwone.

Vijana wa kukalia viti, hao nawaonea huruma kwa kweli. Nimewaona wakikaa garini mchana kutwa, jasho likiwatoka, kwa pesa isiyotosha chapati na maharage, na mfumo nilioueleza utaikata kazi hiyo mara moja. Lakini njia inayoenda kwa saa inahitaji watu wa kuuza tiketi stegini, wa kuandika gari limetoka saa ngapi, wa kumsaidia mama wa samaki kupandisha beseni lake. Vijana hawa wanajua kila gari na kila dereva kwa jina. Siku kaunti itakapotangaza nafasi hizo, ianze na wao.