Muziki Mpya Usifichwe Katikati

Kumbi za muziki wa Ulaya zina desturi moja ambayo siipendi hata kidogo. Kwateti, yaani fidla mbili, viola na selo, inaanza na Haydn na kumaliza na Beethoven, watunzi wa zamani. Kazi ya mtunzi aliye hai inawekwa katikati, ili watu wasichelewe makusudi wala wasitoke mapema. Uta haujagusa uzi, msikilizaji ameshaambiwa kipi ni cha kufurahia na kipi ni cha kuvumilia.

Beethoven mwenyewe alivumiliwa. Tarehe 21 Machi 1826, mjini Vienna, mpiga fidla Ignaz Schuppanzigh na wenzake walipiga kwa mara ya kwanza kwateti yake, yaani kazi ya ala hizo nne, ya Opus 130 (Opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Sehemu mbili za kati zilipendwa hadi zikarudiwa. Lakini fyuga ya mwisho, yaani muziki ambamo ala zinafuatana kwa zamu na wazo moja, yenye urefu wa robo saa hivi, iliwashinda wengi. Mchapishaji akataka mwisho mwingine, na Beethoven akauandika miezi michache kabla ya kufa. Fyuga ikachapishwa peke yake, Opus 133. Siwalaumu wale wasikilizaji. Mpaka leo muziki ule unaparuza: ala nne zinarukiana, zinakatizana, hakuna inayokubali kunyamaza. Ukiupiga jirani na kazi ya mwaka huu, ukali wake unarudi. Ukiuzungushia vitu vitamu tu, unageuka sanamu ya makumbusho.

Ndiyo maana nawaheshimu sana Kronos, kwateti iliyoanzishwa na David Harrington mjini Seattle mwaka 1973. Hawa waliufanya muziki mpya kuwa chakula chenyewe. Katika albamu yao ya 1992, Pieces of Africa, imo kazi ya mtunzi Justinian Tamusuza wa Uganda, na kila nikiisikiliza naikumbuka amadinda, marimba ya mbao ya Buganda: wapigaji wawili wamekaa wakitazamana, nota za huyu zinaingia kwenye mapengo ya mwenzake, na wimbo unaotoka si wa yeyote kati yao. Kusikilizana kwa namna hiyo ndiko roho ya kwateti, na Waganda hawakukufuata Vienna. (Tuliokulia kwenye taarabu nasi tunajua kwamba fidla haina kabila.)

Ningepewa kupanga usiku mmoja, ningeanza na ile fyuga masikio yakiwa bado mabichi. Ingefuata kazi ya Tamusuza, bila mapumziko. Haydn ningemweka mwisho, kwa kwateti mojawapo ya Opus 33 za mwaka 1781, zile ambazo aliwaandikia barua wanunuzi akiwahakikishia kwamba amezitunga kwa namna mpya kabisa.