Plazma na Maji Taka: Isifiwe Inapostahili

Kazi kubwa ya kusafisha maji taka hufanywa na bakteria. Humaliza kinyesi na mabaki ya chakula, lakini rangi za viwanda vya nguo, viuatilifu na masalia ya dawa mara nyingi huwashinda. Hapo ndipo inapolengwa plazma, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme. Umeme wa volti nyingi hupitishwa kwenye gesi inayogusana na maji. Gesi ikivunjika huzaa ozoni, haidrojeni peroksidi na radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye pupa ya kuungana na vingine, zinazovamia karibu molekuli yoyote yenye kaboni.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa PFAS, kemikali zilizomo kwenye baadhi ya povu la kuzimia moto wa ndege. Vifungo vyake vya kaboni na florini ni vigumu mno, hata radikali za haidroksili hushindwa kuvivunja. Elektroni za plazma huviweza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clarkson, New York, walipeleka mtambo wao ndani ya trela hadi kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson, Ohio, wakautumia kwenye maji ya ardhini. Molekuli ndefu, ambazo hujikusanya kwenye uso wa mapovu ya argoni, gesi inayopulizwa majini, zilipungua sana. Zile fupi hazipandi kirahisi na mapovu hayo, na ndizo zilizobaki sugu. Hata hivyo, mkaa wa kuchujia, ambao ndiyo njia ya kawaida, hunasa tu PFAS bila kuziharibu, na ukijaa sumu ipo palepale. Kwa sababu hiyo naiunga mkono plazma.

Siiungi mkono inapopigiwa debe kuwa dawa ya maji taka ya mji mzima. Radikali hazichagui: kwenye maji machafu sana huishia kupambana na uchafu wa kawaida, huku uniti za umeme zikiteketea. Mabwawa ya Ruai, Nairobi, huumaliza uchafu wa aina hiyo kwa jua, muda na vijidudu.

Kuna pia mabaki. Plazma ya hewa huongeza nitrati na kuyafanya maji kuwa na asidi. Nayo rangi kutoweka si kipimo cha kutosha, kwani sehemu inayotoa rangi huvunjika mapema na vipande visivyoonekana hubaki, vingine vyenye sumu. Anayeuza mtambo huu aulizwe kaboni iliyobaki, sumu ya maji yanayotoka, na uniti kwa kila mita ya ujazo.

Ningeanzia kwenye kiwanda cha nguo au hospitali kubwa, baada ya bakteria kumaliza kazi yao, kabla maji hayajachanganyika na ya mji.