Kondoo wakishuka Karpati, msitu haupandi

Kila hoja ya kuhifadhi vilele vya milima ya Karpati, upande wa Ukraine unaopakana na Romania, humweka kizimbani mchungaji wa Kihutsuli, yaani wa jamii ya wenyeji wa milima hiyo: kondoo wake wameula msitu. Shtaka hilo si la uongo. Polonina, yaani malisho ya kiangazi juu ya miji midogo ya Rakhiv na Verkhovyna, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya watu. Kwa karne kadhaa walikata na kuchoma misonobari ili majani yapate nafasi, mpaka wa msitu ukashuka. Mlima mtupu haushiki maji kama mlima wenye miti, na waliofurikiwa na mto Tisza, unaoanzia milimani humo, Novemba 1998, kisha Machi 2001, hawana haja ya kufundishwa hilo. Kwenye miteremko mikali iliyokwisha kuchimbuliwa na kwato, miti na irudi.

Ila watetezi wa msitu huruka hatua moja. Kondoo wakiondoka, kinachotangulia si msonobari. Hutangulia nyasi ngumu iitwayo Nardus stricta, ambayo kondoo huionja ikiwa changa tu, kisha vichaka, wakiwemo ndugu wa mtarakwa wetu. Msitu huja baadaye sana, tena kwa mabaka. Kondoo wachache wasiosimamiwa nao hawasaidii: huchagua majani matamu, huiacha Nardus, nayo huzidi kutawala.

Dawa ya Nardus ni koshara, zizi la uzio wa kuhamishika. Kundi hulala humo usiku mbili au tatu, likikanyaga nyasi ngumu na kuacha mbolea, kisha uzio unasogezwa hatua chache. Msimu unaofuata pale huota majani laini. Uzio ukisahauliwa mahali pamoja kwa wiki kadhaa, mbolea inazidi kiasi na gugu la majani mapana, Rumex alpinus, linashika ardhi. Kondoo hawaligusi, mizizi yake ni migumu kung'oa, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Mazizi yaliyoachwa zamani bado hutambulika kwa madoa hayo ya kijani kizito.

Je, nani ana nafasi ya kusogeza uzio? Tuchukue kundi la kondoo 300 wa kukamwa. Mwezi Juni hukamwa mara tatu kwa siku, wakipita mmoja mmoja kwenye upenyo uitwao strunga, na mkamaji mmoja huhesabiwa kondoo kama 100. Hao ni watu watatu tayari, kabla ya wa kuchunga na wa kuni. Kila kondoo akitoa nusu lita kwa siku, zinapatikana lita 150. Kwa lita tano hadi sita kwa kilo, hizo ni kilo 25 hadi 30 za budz, jibini bichi. Zote humsubiri vatah, mkuu wa kambi. Maziwa yapate joto la nyuzi 32 hivi, yatiwe reneti, kigandishi kitokacho tumbo la mwanakondoo, yagande, yavunjwe, yakusanywe kwa mikono na kutundikwa kwenye kitambaa. Joto likizidi, jibini linakuwa kama mpira, likipungua, haligandi. Majimaji yaliyobaki huchemshwa upya kupata vurda, jibini la pili. Budz nayo lazima ichachuke siku kadhaa kabla ya kusagwa na chumvi iwe brindza. Ikitiwa chumvi mapema mno, uchachukaji unakwama.

Kambi ya watu watano ikibaki na wawili, maziwa hayangoji. Kazi inayoachwa kwanza ni ya uzio. Kwa hiyo madoa ya magugu yanayopigwa picha kama ushahidi wa wingi wa kondoo, mara nyingi ni alama ya uchache wa watu. Vijana walianza kwenda Czechia kutafuta vibarua zamani. Tangu 2022 wengine wako vitani, na vilele vya mpakani vinalindwa kwa sababu ya wanaume wanaojaribu kuvuka kuingia Romania kukwepa jeshi. Brindza ya kondoo ya Kihutsuli imepata ulinzi wa jina la asili kisheria. Ni heshima, lakini jina halisogezi uzio.

Wapinzani wa kuwalipa wachungaji wana onyo moja la kusikilizwa: ruzuku ya kila kichwa cha kondoo itaongeza vichwa, siyo uangalizi. Ni kweli, na ndiyo maana malipo yangefuata koshara badala ya kondoo. Kila zizi lililohamishwa kwa wakati huacha mraba wa ardhi iliyokanyagwa na kusambaziwa samadi. Septemba, kundi likishateremka, mkaguzi anaweza kupanda na kuihesabu miraba hiyo.