"Maliza dozi": dozi ya nani, ya dawa gani?

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa huku Temeke, nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alitaka amoksilini, zile kapsuli za rangi mbili, kwa ajili ya kijana wake mkubwa anayekohoa. Muuzaji akatoa karatasi nzima ya vidonge kumi, akachukua ya pili, akaikata katikati kwa mkasi. "Moja mara tatu, siku tano. Kumi na tano hizo, mama." Mama akafungua pindo la kanga, akahesabu, akasema: "Nipe za buku tu, dada. Nikipata hela nitarudi." Nusu iliyokatwa ikarudishwa kwenye boksi. Muuzaji akaandika 1x3 juu ya bahasha ya khaki, akaikabidhi, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara elfu akaongeza: "Lakini amalize dozi, eeh."

Amalize dozi gani, na dozi yenyewe theluthi yake imebaki dukani?

Ila sikuandika haya kumlaumu dada yule. Nilichotaka kuuliza ni kama sentensi yenyewe, "maliza dozi", ina kweli kiasi tunachoipa. Kwa miaka kadhaa sasa kuna mabishano makubwa ya kitaalamu juu yake, na huku kwetu upande mmoja unasikika vibaya, kana kwamba unaruhusu watu wajikatie dawa wanavyojisikia. Julai 2017, Martin Llewelyn, daktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Uingereza, na wenzake waliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba hakuna ushahidi wa maana unaoonyesha kuwa kuacha antibiotiki mapema ndiko kunakozaa usugu, yaani bakteria kutosikia dawa tena. Kwamba kwa maradhi mengi ni kinyume chake, kadiri unavyomeza siku nyingi ndivyo usugu unavyopata nafasi. Watu wengi wa afya walishtuka. Ujumbe uliochukua miongo kuujenga, mnataka kuubomoa kwa makala moja?

Hofu hiyo si ya kijinga, na nitaifikia. Kwanza tuone dawa zenyewe zinafanya kazi vipi, maana humo ndimo ugomvi wote ulimo.

Penisilini na ndugu zake, amoksilini na seftriaksoni wakiwamo, huwinda ukuta. Bakteria ana ukuta mgumu unaomzunguka, na ndani yake mna shinikizo kubwa. Anapokua lazima abomoe kidogo na kujenga upya, kama mtu anayeongeza chumba huku familia ikiishi ndani. Dawa hizi huwazuia mafundi wasiunganishe tofali na tofali. Ubomoaji unaendelea, ujenzi umesimama, na bakteria anapasuka. Sisi hatuna ukuta wa namna hiyo kwenye seli zetu, ndiyo maana mtu asiye na mzio humeza penisilini nyingi bila madhara makubwa. Lakini ona sharti lililofichika hapo: bakteria asiyejenga hapasuki. Aliyelala anapona. Na kwa kuwa nusu ya amoksilini hutoka mwilini kwa muda wa kama saa moja, kinachohitajika ni kuifanya ibaki kwenye damu muda mwingi iwezekanavyo. Hiyo 1x3 kwenye bahasha inatokana na hapo. Ukimeza tatu kwa mpigo usiku ili "kufidia", hujafidia kitu.

Jentamaisini ni kinyume. Yenyewe huingia ndani na kuvuruga ribosomu, mashine ya kutengeneza protini, na inaua vizuri zaidi inapopanda juu kwa kishindo mara moja. Ndiyo maana hospitali nyingi huichoma mara moja kwa siku. Sipro hushika kimeng'enya kinachokunjua uzi wa DNA. Septrini huziba hatua mbili za njia moja, ile ya kutengeneza foliki asidi, ambayo bakteria lazima ajipikie mwenyewe na sisi tunaipata kwenye mchicha.

Halafu kuna kundi ambalo watu wengi wakisikia habari zake hawaamini. Doksisaiklini na erithromaisini, kwa bakteria wengi, haziui. Zinasimamisha. Nazo hukaa kwenye ribosomu, protini haitengenezwi, bakteria hakui wala hagawanyiki, na anayemaliza kazi ni chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe. Hata azithromaisini mara nyingi hufanya hivyo, na yenyewe hukaa kwenye nyama za mwili siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kampeni za kutokomeza trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, hugawa dozi yake moja, siku moja, kijiji kizima. Kaswende ya mwanzoni hutibiwa kwa penisilini ya kuchoma mara moja tu, ile inayovuja polepole kutoka kwenye msuli kwa wiki kadhaa.

Sasa ile picha tuliyofundishwa, kwamba dozi ni idadi ya vidonge inayotakiwa kuua mdudu wa mwisho, na aliyesalia atageuka jitu, inasimama wapi? Kwa doksisaiklini haipo kabisa. Kwa amoksilini ipo nusu. Karibu kila mara ni mwili unaofuta mabaki.

Picha hiyo ina mzazi anayejulikana. Desemba 1945, katika hotuba yake ya Nobel, Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alisimulia kisa cha kubuni: Bwana X anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, isiyotosha kuua streptokoki, bakteria wa koo, bali inayotosha kuwafundisha ukaidi. Anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, penisilini inashindwa, mke anakufa. Kisa kizuri, kimewaingia watu. Ila streptokoki wa koo, wale wale wa Bwana X, hadi leo, miaka 80 baadaye, bado wanakufa kwa penisilini. Usugu mkubwa ulitokea kwingine, kwa bakteria ambao Fleming hakuwaweka kwenye hadithi.

Na hapa ndipo Llewelyn na wenzake hawakueleweka. Usugu unaotusumbua zaidi hospitalini, wa bakteria kama E. koli na Klebsiela, kwa sehemu kubwa hauzaliwi mahali penye ugonjwa. Unazaliwa tumboni. Umemeza sipro kwa ajili ya kibofu. Dawa inapita kwenye utumbo wenye bakteria matrilioni wasio na kosa, wanaoishi nawe vizuri tu. Wanyonge wanakufa, wakaidi wachache wanabaki na uwanja mtupu. Bakteria hao huazimana vinasaba kama majirani wanavyoazimana chumvi, hata wa ukoo tofauti. Mwezi unaofuata mmoja wao anapanda kwenye njia ya mkojo, na UTI yako haisikii dawa. Katika hesabu hiyo kila siku ya ziada ya dawa, baada ya ugonjwa kwisha, ni siku ya kuwalea wakaidi. Siku ya saba isiyohitajika inaweza kufanya kilekile tulichoambiwa inakizuia.

Ushahidi wa kufupisha haukutoka Ulaya peke yake. Lilongwe, Malawi, watoto 3,000 wa chini ya miaka mitano wenye nimonia ya kifua kubonyea waligawanywa kwa bahati nasibu: amoksilini siku tatu au siku tano, na wale wa siku tatu wakamalizia kwa vidonge bandia ili mtu asijue nani yuko wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Tiba ilishindwa kwa asilimia 5.9 ya waliotumia siku tatu na asilimia 5.2 ya waliotumia siku tano.

Nimekaa na namba hizo muda mrefu. Asilimia 0.7. Katika watoto 1,000 ni saba. Mtakwimu atakuambia tofauti hiyo iko ndani ya mpaka uliowekwa kabla utafiti haujaanza, kwa hiyo siku tatu si duni, na atakuwa sahihi. Mama atauliza je kama mmoja wa hao saba ni wangu, naye yuko sahihi. Lakini geuza namba upande wa pili. Katika kila watoto 1,000, zaidi ya 940 walipona kwa siku tatu. Hao wote, kwa utaratibu wa siku tano, wangekunywa dawa siku mbili zaidi bila kuongezewa kitu, isipokuwa kuharisha na hayo mambo ya tumboni niliyoyataja. Na wale 52 walioshindwa kwa siku tano walishindwa ingawa walipangiwa dozi ndefu. Kwao tatizo halikuwa siku. Tukumbuke pia watoto hao hawakuwa na VVU wala dalili za hatari, na walikuwa mikononi mwa watu waliowachunguza vizuri na kuwafuatilia. Siku tatu ya Lilongwe si siku tatu ya kukisia.

Upande wa pili una hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni kifua kikuu. E. koli aliyeshiba hugawanyika kila dakika 20 hivi. Bakteria wa TB huchukua karibu siku nzima. Mmoja ana vizazi 72 kwa siku, mwingine kimoja. Baadhi ya hao wa TB hulala kabisa ndani ya chembe zetu, na tumeona kwamba dawa ya ukuta haimgusi aliyelala. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa nne pamoja: isoniazidi ikizuia nta ya ukuta, rifampisini ikifunga mashine ya kunakili vinasaba, pirazinamidi ikifanya kazi penye tindikali, ethambutoli ikisaidia. Hapa kuacha katikati ni hatari kweli, na usugu hutokea mlemle kwenye mapafu ya mgonjwa, kama Fleming alivyohofu. Koo nalo: kwa mtoto aliyethibitika kuwa na streptokoki, penisilini ya kumeza huandikwa siku kumi, si kwa sababu koo litauma siku kumi, bali kuzuia homa ya rumatiki inayokuja kula vali za moyo. Aliyewahi kuona mtoto wa darasa la tano anayepumua kwa shida akipanda ngazi tatu hatacheka siku hizo kumi.

Hata hivyo TB yenyewe inasimama pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 matibabu yalichukua miezi 18. Waliothibitisha kwamba miezi sita inatosha, rifampisini ikiwamo, ni watafiti wa Uingereza na Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kufupisha dozi kwa ushahidi ni kazi tuliyoanza hapa kwetu, zamani, kwa ugonjwa ulio mgumu kuliko yote. Majuzi, utafiti uliohusisha watoto wa Uganda na Zambia umeishusha hadi miezi minne kwa watoto wasio na TB kali.

Hoja nyingine ya upande huo siipingi kwa nadharia: ujumbe mfupi hukaa kichwani. "Maliza dozi" inamzuia mtu asiweke vinne juu ya kabati kwa ajili ya mafua ya mwezi ujao, asimpe jirani, asiache siku ya pili homa iliposhuka. Ukimwambia "inategemea" atasikia "acha ukitaka". Nakubali. Nasumbuliwa tu na kazi nyingine ambayo sentensi hiyo inafanya bila kuambiwa: inahamisha lawama. Aliyeandika siku saba kwa mafua ya virusi, ambayo antibiotiki haina ukuta wala ribosomu ya kushika, halaumiwi. Anayeita kila homa UTI na taifodi halaumiwi. Analaumiwa mama wa kanga kwa kapsuli tano. Kampeni za UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, zingeanza na swali la kama dawa ilihitajika, halafu ni ipi, halafu ndiyo siku, tungekuwa tumeanzia penyewe. Na muuzaji angeweza kusema "usizidishe wala usipunguze siku ulizoandikiwa, na usipopata nafuu siku ya tatu rudi", maneno ambayo hayazidi sana yale anayoyasema sasa.

Baadaye nilipiga hesabu ya bahasha ile. Kapsuli kumi, tatu kwa siku: siku tatu kamili. Mama alikuwa amenunua, kwa ukata tu, siku za Lilongwe. Lakini kijana wake si mtoto wa chini ya miaka mitano, hakuna aliyemsikiliza kifua, na pengine kikohozi chake ni cha virusi. Na bado inabaki kapsuli moja, ya asubuhi ya siku ya nne, au ya juu ya kabati.