Semina za hotelini hazifiki kwenye ploti yetu

Makala moja niliyosoma inasema wakimbizi na wenyeji wa Nairobi watakutanishwa kwenye semina hotelini. Sawa, chai ya hoteli ni tamu. Lakini huku Kayole sisi tulikutana zamani, kwenye foleni ya mitungi ya maji.

Kwenye ploti yetu kuna mama mkimbizi wa Bukavu, Congo, anayetembeza vitenge. Mwaka wa kwanza tulisalimiana kwa mbali tu. Kiswahili chake kilituchekesha, na chetu yeye alikisikia kama ugomvi. Siku moja akapika sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese, harufu ikajaa korido nzima. Jirani yangu Mmaragoli akashindwa kuvumilia, akagonga mlango kuuliza ni mboga gani hiyo. Akatoka na bakuli. Leo huyo mama yuko kwenye chama chetu, shilingi 200 kila Jumapili, na nilipofiwa na shemeji alikuja matangani na sufuria yake mwenyewe, akakesha jikoni hadi alfajiri.

Kinachotukwaza ni karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inawatambulia haki ya kufanya kazi, ila yeye, kwa kukosa kitambulisho, mpaka leo hana laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Akiuza kitenge, pesa inaingia kwa simu yangu. Siku nikisafiri, biashara yake inalala.

Hiyo pesa ya ukumbi wa hoteli ingelipia afisa wa vitambulisho aje hapa mtaani siku moja tu. Chai tutampikia wenyewe.