Ramani ya mabomu ina ahadi nyingi

Mwaka 2025 nchi tano za Ulaya, yaani Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland, ziliamua kujitoa katika Mkataba wa Ottawa wa 1997, unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu. Wanaogopa Urusi. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, sitamcheka mtu anayelala akiwaza mpaka.

Ninachokikataa ni ile ahadi ya watetezi wao: jeshi lenye nidhamu litachora ramani, litaweka uzio, na vita vikiisha litategua kila kitu.

Bomu hili dogo la kulenga watu lilienea likiwa mlinzi wa bomu kubwa. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi yalizika mabomu ya kuzuia vifaru. Adui akaja usiku akayang'oa kwa mikono. Basi kando yake yakategwa madogo ya kumkata miguu huyo mng'oaji. Jangwa la El Alamein, lililopiganiwa 1942, liliachiwa mengi ya aina zote mbili. Baadaye dogo likajitegemea. M14 ya Marekani, ya miaka ya 1950, ina gramu 100 hivi, karibu yote plastiki, na kifaa cha kutafutia chuma huhangaika nayo. Kisha Laos na Afghanistan zikamwagiwa madogo kama hayo kutoka angani. Hapo nani alichora ramani?

Lakini tuseme ramani ipo. Visiwa vya Falkland vilipiganiwa 1982, vita vya miezi miwili na nusu kati ya Argentina na Uingereza. Viwanja vya mabomu vilizungushiwa uzio, wakazi wachache, Uingereza ina pesa. Visiwa vilitangazwa safi Novemba 2020! Na waliopiga magoti kwenye ule mchanga, wengi walikuwa wateguaji kutoka Zimbabwe. (Hilo mikutano ya mkataba huko Geneva hailitaji sana.) Bosnia nako, mafuriko ya 2014 yalihamisha mabomu pamoja na udongo, na ramani ikabaki inaonyesha mahali pengine.

Mtu wa Kivu haelezwi mambo ya udongo unaotembea. Milima yetu hushuka kila msimu wa mvua, na kilima kimoja cha Masisi hubadilisha wanaokishika kabla maharagwe hayajakomaa. Anayeondoka huondoka na anachokumbuka kuhusu alichozika. Kongo iliingia mkataba huo 2002, na kweli, kinachowaua watoto huku zaidi ni makombora na grunedi zilizotupwa porini, wanazookota wakitafuta vyuma vya kuuza. Ila mama anayerudi shambani Sake haulizi aina. Anauliza kama anaweza kupiga jembe.

Kwa hiyo wanaojitoa ningewadai kitu kimoja: kabla ya bomu la kwanza kuzikwa, pesa za kulitegua ziwekwe pembeni, na nakala ya ramani ikae kwa Umoja wa Mataifa, mbali na kambi inayoweza kutekwa.