Fidla Mbili, Viola na Selo: Ngoma Iko Wapi?

Kwateti nyingi za nyuzi, yaani makundi ya wapigaji wanne, zikijaribu jazi hunichosha, na sababu ni moja tu: sijui ngoma iko wapi. Fidla mbili, viola na selo zimekuwa pamoja tangu enzi za mtunzi wa klasiki Joseph Haydn, aliyeandika kwateti zaidi ya 60, na kwa muziki wake hakuhitajika mtu wa tano. Jazi ni habari nyingine. Mpiga ngoma na mpiga besi hushikilia mdundo ili wenzao wapate pa kuchezea. Waondoe hao wawili, wape wapiga fidla hodari noti zilizoandikwa mwanzo hadi mwisho, na utapata muziki mtamu wa kusindikiza watu wakila. Jazi haimo.

Kronos Quartet, iliyoanzishwa na David Harrington mwaka 1973, iliporekodi kazi za mpiga piano wa jazi Thelonious Monk ilimwalika Ron Carter apige besi. Uamuzi wa busara, lakini ni sawa na kukiri kwamba kuna pengo.

Turtle Island Quartet hawakutaka mgeni. Kundi hili lilizaliwa mwaka 1985 maeneo ya San Francisco, Marekani, likiwa na wapiga fidla David Balakrishnan na Darol Anger, na Mark Summer kwenye selo. Watu huwasifu kwa kuchanganya jazi, klasiki, blugrasi (muziki wa kiasili wa Marekani wa banjo na fidla), roki na muziki wa Kihindi. Mimi hilo la kuchanganya halinishangazi sana, maana siku hizi kila mtu anachanganya. Ninachowavulia kofia ni kwamba tatizo la ngoma walilimaliza kwa upinde wenyewe.

Mtazame mpiga fidla wao pale ambapo haongozi wimbo. Anatumia sehemu ya upinde iliyo karibu kabisa na mkono, penye uzito, anaiangusha wima juu ya nyuzi na kuiacha ing'ang'anie hapohapo. Noti haisikiki; unasikia mkwaruzo mfupi, mkavu: chak! Akiuinua upinde, unatoka mlio mwingine mwepesi zaidi. Chini, juu, chini, juu, na tayari kuna mtu wa ngoma jukwaani. Mbinu hii huitwa chopu, na haikutoka kwenye jazi wala klasiki. Richard Greene aliianzisha miaka ya 1960 alipokuwa akipiga blugrasi katika bendi ya Bill Monroe, kisha Anger akaikuza. Summer naye alikuwa akiweka upinde kando, anadonoa nyuzi za selo kwa vidole na kuzichapa, na besi ikapatikana.

Mdundo ukishasimama, mmoja wao anaweza kuacha karatasi na kubuni papo hapo. Hapo ndipo wanamuziki wengi wa klasiki hukwama, kwa kuwa wamefundishwa miaka na miaka kuiheshimu noti iliyoandikwa.

Mtihani wao mkubwa ulikuwa A Love Supreme, albamu ya mpiga saksafoni wa jazi John Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 1964 kwa saksafoni, piano, besi na ngoma. Toleo lao liliwapa Grammy mwaka 2008, ikiwa ya pili baada ya ile ya 2006, zote katika kundi la klasiki mchanganyiko, rafu ambayo naona hutupiwa chochote kisicho na pa kuwekwa. Je, walifaulu? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Sehemu ya mwisho, ambayo Coltrane aliipuliza kama anayesali, inawafaa mno, kwa sababu upinde huweza kuishika noti moja na kuivimbisha polepole kama pumzi. Kwenye sehemu ya tatu, yenye kasi, namkosa Elvin Jones, mpiga ngoma wa Coltrane. Chopu inaweza mengi, ila matoazi haina, na moto ule wa Jones ulikuwa kwenye matoazi.